Bendera Ifungwe Pale Mzigo Unapoishia

Juzi kijana mmoja anayesoma makala zangu alinitumia picha. Lobedi, lile tela la chini la kubebea mashine, katapila juu yake, bendera mbili nyekundu mpya kabisa, na yeye mwenyewe amesimama mbele ameshika kiuno. "Kaka, hii ndiyo safari yangu ya kwanza ya mzigo mpana. Unaionaje?" Nikaikuza picha. Minyororo iko sawa, kibao cha mzigo mpana kipo, taa zipo. Kisha nikaona bendera zilipofungwa, mwili ukanisisimka.

Alikuwa amezifunga kwenye pembe za tela. Bledi ya katapila, lile bamba la chuma la kusukumia udongo, imetokeza huku na huku kama masikio ya tembo, na haina hata uzi.

Kosa hilo nalijua kwa sababu ni langu, na sijawahi kuliandika hapa. Nilikuwa na miaka tisa kwenye usukani, najiona mwalimu wa kila mtu. Tela yetu ilikuwa na upana wa mita 3, bledi inakaribia mita 4, kwa hiyo chuma kilitokeza karibu nusu mita kila upande. Nanyi mnajua kufunga bendera kwenye bledi ni usumbufu: hakuna tundu, hakuna ndoano, kamba inateleza. Utingo akauliza, "Mzee, nizifunge kwenye tela tu?" Nikamjibu funga, tumechelewa.

Safari nzima haikuwa na jambo la kusimulia mpaka tulipofika kwenye kipande chembamba, pikapu ikaja kwa mbele. Dereva wake alituona mapema, akapunguza mwendo, akasogea pembeni mpaka magurudumu yakakanyaga majani. Bendera yangu ilimpita vizuri kabisa. Ncha ya bledi haikumpita. Iling'oa kioo cha pembeni, ikachana mlango, ikamvunja mkono aliokuwa ameuegemeza dirishani. Alipoulizwa ilikuwaje, alijibu kwa maneno mawili: "Niliangalia bendera."

Mkono ulipona, namshukuru Mungu. Mimi nilifukuzwa wiki ileile, na barua ilisainiwa na bosi yuleyule aliyekuwa akinipigia simu kila nusu saa kuuliza nimefika wapi. Hilo bado linaniuma. Lakini utingo alikuwa ameniuliza, na aliyesema funga ni mimi.

Tangu siku hiyo bendera nafunga kwa mikono yangu, na hakuna gari lililowahi kugusa mzigo wangu tena. Nimebeba vijiko vya kuchimbia, yaani mashine zenye mkono na ndoo, greda, mashine za kupasua mawe, vyote. Wenzangu hunicheka kwamba nazunguka tela kama bibi anayetafuta sindano. Wacheke.

Kijana, kwenye chuma laini tumia bendera yenye kitako cha sumaku, au klampu ya fundi seremala. Sumaku sharti uisugulie mahali pake kwanza, kwa maana ikikaa juu ya tope imekaa juu ya tope, haijashika chuma, na mtikisiko wa kwanza utaiangusha. Kitambaa kiwe kama sentimita 45 kwa 45, chekundu au cha rangi ya chungwa inayong'aa, na kining'inie huru kipepee. Ukikizungushia kamba kama kifurushi, mwenzako ataona tambara. Jua nalo hula rangi. Bendera iliyogeuka ya waridi ifanye ya kufutia mikono, nunua nyingine. Mzigo ukitokeza nyuma, na huko funga, kwenye ncha mbili za upana wake.

Giza likiingia bendera haisemi kitu. Nchi nyingi haziruhusu mizigo hii usiku bila kibali maalumu, na zina sababu. Ukichelewa njiani, tafuta pa kuegesha. Kama una kibali, weka taa palepale ambapo bendera ingekaa, nyekundu kwa nyuma, za chungwa pembeni, na uzifute vumbi kila unaposimama.

Kimo pima mashine ikiwa tayari juu ya tela, mkono wake umekunjwa na ndoo imelala chini. Kwenye kijiko, sehemu ya juu kabisa mara nyingi ni kile kiwiko cha mkono, siyo paa la kibanda cha opereta. Watu hupima kibanda, kisha wanakata nyaya za umeme.

Na kibao cha mzigo mpana, jamani! Umeshusha mashine, unarudi mtupu, kibao bado kinawaka nyuma. Kishushe au kifunike. Wanaokufuata wakizoea kuona kibao bila mzigo, siku ya mzigo nani atakiamini? Madereva wenzangu, tunalaumu magari madogo kwamba hayatuheshimu, na sisi ndio tunaoyadanganya kila siku kwa vibao na bendera zetu. Gari la kusindikiza likae mbele likiwa limewasha taa, halafu wewe nyuma umefunga bendera mahali pa uongo, umemlipa msindikizaji wa nini?

Yule kijana nilimwandikia haya yote, marefu kuliko hapa. Baada ya saa mbili akanitumia picha nyingine. Bendera ziko kwenye ncha za bledi, ya kushoto imeshikwa kwa klampu, ya kulia kwa waya. Nikamwambia ya kulia aishushe kidogo, inaziba taa.