Kuku wa inasal: nyama imekuwa tepetepe na rangi haionekani

SWALI: Shikamoo mpishi. Niko Muscat kikazi. Mwenzangu Mfilipino wa Bacolod alinionjesha kuku wa inasal, yule wa kuchoma wa kwao. Nilipojaribu mwenyewe nilimroweka usiku kucha kwenye siki na ndimu pamoja na mbegu za mzingefuri, zile nyekundu za kutia chakula rangi. Nyama ikawa tepetepe, ngozi ikaungua, na ile rangi ya machungwa sikuiona. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Nyama imeharibiwa na muda. Ukali wa siki na ndimu ukikaa mno, kuku anakuwa kama unga mdomoni. Paja na kidari chenye mfupa vinatosheka kwa saa 2 hadi 4. Ukitaka kuroweka tangu usiku, tia chumvi, tangawizi, kitunguu saumu na mchaichai tu, siki na ndimu zifuate kesho yake. Mchaichai uponde kwa mchi ile sehemu nyeupe ya chini mpaka harufu ijae jikoni. Kuukatakata peke yake hakutoshi.

Rangi nayo haikutoka kwa sababu mzingefuri hutoa rangi kwenye mafuta, si kwenye siki. (Ni mti uleule wanaoulima wakulima wa Kwale, pwani ya Kenya.) Chukua vijiko 2 vya mbegu na nusu kikombe cha mafuta, uweke kwenye moto mdogo kabisa kwa dakika 5 hivi. Yakiwa mekundu kama mawese, epua uchuje. Mbegu zikishaanza kuwa nyeusi, mafuta ni machungu. Yamwage uanze upya, usiyaonee huruma. Hayo mafuta mekundu uliyochuja ndiyo Wafilipino wanayompaka kuku akiwa motoni, na hata wali wao huyanyunyizia.

Ngozi imeungua kwa sababu mafuta yakidondokea makaa huwasha miali. Sogeza makaa upande mmoja, kuku umuweke upande wa pili, umgeuze na kumpaka kidogokidogo. Paja huchukua dakika 30 hadi 40. Mwishoni mpitishe juu ya makaa, ngozi chini, dakika 2 tu. Usipime kuiva kwa macho, maana mzingefuri hufanya hata maji ya nyama yaonekane mekundu. Choma kipimajoto karibu na mfupa, kisome 74°C.

Mwenzako akikupa sinamak, ile siki ya nazi yenye pilipili, iache mezani ya kuchovya.