Chenga kwenye picha za maghorofa jioni: ISO haileti mwanga

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina Canon ya mtumba na lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo. Napiga maghorofa ya Posta, Dar es Salaam, nikiwa ng'ambo, Kigamboni, jua likishazama. Picha zinatoka na chenga (vidoti vidoti kama mchanga) na taa zimevutika kama mistari, ingawa nimepandisha ISO, yaani kipimo cha kamera cha kung'arisha picha, hadi 6400. Jamaa ananiuzia lenzi ya 50 f/1.8 na kifurushi cha priseti (mipangilio ya rangi ya kuhariria picha), anasema vitamaliza tatizo. Ninunue?
— Msomaji, Kigamboni

JIBU: Marahaba. Usinunue. Swali hili hunifikia mara kwa mara, na kila likija, nyuma yake yupo jamaa mwenye kitu cha kuuza.

Tatizo lako umelitaja mwenyewe: 6400. Sijui nani aliwaaminisha vijana kwamba giza huondolewa kwa ISO. ISO haiongezi mwanga hata chembe. Mwanga unaopata unategemea upana wa tundu la lenzi na muda ambao shata iko wazi, basi. ISO inakuza kile kilichokwisha kuingia, pamoja na uchafu wake. Redio ikishika stesheni kwa shida, ukiongeza sauti mikwaruzo nayo inapanda. Hebu piga hesabu. Mbingu ikiwa buluu na taa zimewaka, maghorofa yale kwa ISO 100 na tundu la f/8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni pana) yanataka kama sekunde 4. Ukienda ISO 6400 unashuka hadi kama 1/15 ya sekunde. Umezikubali chenga zote hizo, na bado kwa 1/15 mkono hautulii, hasa ukiwa umevuta lenzi mpaka 55. Umelipa mara mbili.

Hiyo lenzi ya f/1.8 ni nzuri kwa sura za watu, na ukumbini kwenye harusi itakuokoa. Lakini maghorofa hayachezi muziki. Kitu kisichotembea hakihitaji haraka. Kinahitaji kamera iliyotulia. Na kwa kamera yako, lenzi ya 50 inaona eneo jembamba: mji mzima, tangu kanisa la Azania Front mpaka mnara wa Bandari, huenda usiingie kwenye fremu.

Fedha hiyo tafuta tripodi, hata ya mtumba, ilimradi miguu haichezi. Ukikosa, mfuko wa mchele wa kilo mbili juu ya ukuta unafanya kazi vizuri kuliko watu wanavyodhani. Weka ISO 100, f/8, faili la RAW (faili ghafi ambalo kamera haijalibana kama JPEG). Tumia taimu ya sekunde 2 ili kidole chako kisitikise kamera. Kama lenzi yako ina swichi ya kuzuia mtikisiko, izime ikiwa juu ya tripodi. Fokasi ifanye kwenye taa moja ya mbali, kisha hamia MF (fokasi ya mkono) na usiguse tena. Kichujio cha bei poa ulichofunga mbele kitoe, ndicho mara nyingi kinacholeta vile vidoti vya kijani karibu na taa. Halafu futa lenzi, maana upepo wa pale una chumvi. Na usijaribu haya ukiwa ndani ya pantoni. Tripodi juu ya chombo kinachotembea ni pambo.

Sasa muda, ambao hakuna anayeuuliza. Video nyingi mnazojifunzia zimepigwa Ulaya, ambako mwezi Juni utusitusi wa jioni huko London huchukua zaidi ya robo tatu ya saa. Sisi tuko karibu na ikweta, jua linadondoka moja kwa moja, na utusitusi wetu ni kama dakika 20 na kidogo. Saa yako iwe adhana ya Magharibi: ikisikika, jua ndiyo kwanza limezama. Tega kamera, subiri. Kati ya dakika ya 15 na ya 25 mbingu na madirisha vinakaribiana mwanga, na picha unayoitaka inapatikana hapo tu. Anza na sekunde 2, malizia na 8. Kabla ya hapo majengo yatatoka meusi, maana ukiwa upande wako jua linazama upande wa mjini, hasa mwezi Juni. Baada ya hapo utapata taa zinazoelea kwenye wino. Nenda siku ya kazi. Jumapili ofisi nyingi zimezimwa taa na minara inaonekana mapengo.

Priseti ndizo zinazonichosha kabisa. Priseti ni mpangilio wa rangi, haina uwezo wa kurudisha kitu ambacho kamera haikukiona. Kijana mmoja aliniletea picha za mji zenye mbingu ya zambarau, kalipia vifurushi vitatu, na ndani ya kila kivuli chenga zimejaa kama pumba. Picha ilipigwa giza, kisha ikang'arishwa kwa nguvu. Anayekuuzia amekuonyesha picha yake baada ya priseti. Mwombe faili la kabla, na umuulize alitumia tripodi gani. Vivyo hivyo kwa hizo kozi za siku moja zinazoanza na orodha ya vifaa vya kununua: nimewaona wenye kamera za mamilioni wakipiga saa 2 usiku, ISO 12800, mkononi, wakilaumu lenzi.

Jambo jingine, uko jirani na Ikulu na bandari. Tripodi huvuta macho. Usielekeze lenzi huko, na askari akikuuliza, mwonyeshe ulichopiga bila ubishi.

Ukipiga kwa sekunde 4 na chenga bado zipo, nitumie faili lenyewe la RAW kwa barua pepe. Picha iliyopita WhatsApp siwezi kuipima.