Maswali ya Wasomaji: Kware wa Vichakani

SWALI: Wataalamu, nimealikwa tena kuwinda kware kusini mwa Texas. Msimu uliopita nilimaliza pakiti nzima ya risasi nikaambulia kware mmoja, naye kasagika. Natumia bunduki ya marisau, geji 12 (kipimo cha upana wa mtutu), choki (kibano cha mdomo wa mtutu) iliyobana kabisa. Tatizo ni bunduki au ni mimi?

JIBU: Yote mawili, ila bunduki ndiyo rahisi kurekebisha. Choki iliyobana ni ya ndege wa mbali, mita 35 na zaidi. Bobwhite, kware wa kule, hutulia mpaka ukaribie kumkanyaga, na wengi huangushwa kati ya mita 15 na 25. Kwenye mita 20 marisau yako yanatawanyika kama nusu mita tu: ama unakosa kabisa, ama unamsaga. Funga choki ya wazi, marisau yasambae karibu mita moja. Tumia risasi yenye marisau namba 8 (namba ya ukubwa wa punje), gramu 28. Hizo ni punje 400 hivi. Namba 7½ nayo inafaa siku ya upepo.

Sasa wewe. Kundi la kware 8 hadi 15 hulipuka kwa pamoja, mbawa zinavuma, mtu anashtuka na kufyatua katikati ya kundi. Kundi linaonekana kama wingu, lakini sehemu kubwa yake ni hewa. Chagua mmoja, mkazie macho, ndipo upandishe kitako begani. Usihamie wa pili kabla wa kwanza hajaanguka. Na shavu libaki kwenye kitako; ukiliinua ili uchungulie, marisau yanapita juu ya kware.

Usifyatue mpaka uone anga chini ya kware. Anayeruka chini chini kati ya vichaka mwache aende, kwa kuwa nyuma ya mesquite ile, mti wa miiba wa kule, huenda yuko mwenzako, au mbwa anayeruka kumkamata. Tembeeni mstari mmoja, kila mtu na upande wake, nguo za rangi ya chungwa. Marisau haya huweza kufika mita 200.

SWALI: Namwona akianguka, nikifika simpati. Kwa nini?

JIBU: Kwa sababu uliondoa macho ukamtafuta mwingine. Rangi yake na ya majani makavu ni moja. Akianguka, acha kufyatua, shika alama ya kichaka au mpungate uliopo hapo, nenda moja kwa moja bila kupinda. Ukifika tundika kofia yako, kisha zunguka ukipanua duara. Akiwa na jeraha la bawa hukimbia. Angalia chini ya mipungate na kwenye mashimo ya panya, ila kwa fimbo, si kwa mkono. Nyoka nao hukaa humo.

SWALI: Sheria inaruhusu wangapi?

JIBU: Kware 15 kwa siku kwa kila mwindaji mwenye leseni, na tarehe za msimu hutangazwa kila mwaka. Hata hivyo wawindaji wazoefu huliacha kundi likibaki na wanane hivi. Kware hulala ardhini wakiwa duara, mikia ndani na vichwa nje, wakipeana joto. Wakipungua mno, usiku wa baridi huwaumiza. Acheni pia kuwinda saa moja kabla ya jua kuzama, waliotawanyika wapate muda wa kuitana na kukutana tena.