Msimulizi Akisema Mno, Giza Linakwisha: Ushauri kwa Mwandishi wa Tamthilia ya Sauti ya Upelelezi

Kwa muda sasa nimekuwa nikiandika na kurekodi podikasti za tamthilia ya upelelezi, zile zenye usiku, mvua, mpelelezi aliyechoka na mteja anayeficha jambo. Wenzangu wakiniletea miswada niipitie, mara nyingi nakuta tatizo ni moja: msimulizi anasema mno.

Chukua mfano huu. "Nilifungua mlango taratibu. Chumba kilikuwa na giza. Nilimwona mtu amelala sakafuni, amekufa." Pembeni mwandishi ameagiza sauti ya mlango na nyayo. Kwa hiyo msikilizaji anaambiwa kile ambacho masikio yake yameshamwambia. Mimi hapo nafuta sentensi zote tatu. Nabakiza bawaba inayolia, nyayo zinazoingia, kipande cha kioo kinachosagika chini ya kiatu, kisha nyayo zinakoma. Msimulizi anangoja kidogo, halafu anasema: "Bahasha niliyomletea haikuwa na kazi tena." Basi. Hakuna aliyetaja maiti, na hakuna atakayeuliza.

Mwachie msimulizi yale ambayo sauti haiwezi kuyabeba: anachokihofia, anachokikisia na, juu ya yote, anachokidanganya. Hadithi za aina hii hunoga pale mpelelezi mwenyewe anapokuwa na mkono katika uchafu anaouchunguza. Aseme kwamba usiku ule alikwenda moja kwa moja nyumbani, huku nyuma ya maneno yake tunasikia honi ya meli. Usimwache mhusika mwingine aje kuifafanua honi hiyo. Msikilizaji akishamkamata msimulizi wake akidanganya, hatoki tena.

Anayedhani bila maelezo watu watapotea asikilize michezo ya zamani ya redio ya Marekani. Kipindi cha Suspense cha shirika la utangazaji la CBS kilidumu kuanzia 1942 hadi 1962, na mwaka 1943 kilirusha mchezo wa Lucille Fletcher uitwao Sorry, Wrong Number. Agnes Moorehead anaigiza mwanamke mgonjwa ambaye laini za simu zinaingiliana na kumsikilizisha watu wakipanga mauaji. Karibu mchezo wote unakwenda kwa simu: anapiga, anakatwa, anabishana na waendesha mitambo ya simu, na sauti yake inazidi kupanda. Hofu yote inapita kwenye waya.

Kwenye kurekodi, umbali ndio taa yako. Maikrofoni inayopokea sauti kutoka upande mmoja huongeza besi kadiri mdomo unavyoikaribia. Kwa hiyo msimulizi namsogeza karibu kabisa, aseme kwa sauti ya chini, akielekeza mdomo pembeni kidogo ili "p" na "b" zisipige kishindo. Wahusika wanaozungumza ndani ya tukio nawarudisha nyuma hatua moja. Msikilizaji anajua papo hapo yapi ni mawazo na yapi yanasemwa chumbani, na huhitaji kumtia msimulizi mwangwi (mwangwi huo humfanya aonekane yuko bafuni). Kabla ya kuzima mitambo, rekodi nusu dakika ya chumba kikiwa kimya. Ukimya huo ndio utakaojaza mapengo ya uhariri. Pengo tupu kabisa humfanya mtu aangalie simu yake kama imezimika.

Mvua nayo ina ukaidi wake. Ukiirekodi ikinyesha tu mahali pa wazi, inatoka kama mafuta kikaangoni. Itafutie kitu cha kugonga: mwavuli, paa la gari, bomba la maji. Mifupa inayovunjika bado tunaitengeneza kwa mashina ya seleri, na theluji kwa wanga wa mahindi unaobinywa ndani ya mfuko wa ngozi. Kazi za mikono hizi hazijashindwa na maktaba za sauti za kununua.

Katika kuchagua waigizaji, usiwaweke wanaume wawili wenye sauti nzito katika tukio moja hata kama wote ni hodari. Kuhusu saksofoni, ile iliyozoeleka mno katika hadithi za upelelezi wa usiku, mimi siitumii, labda mhusika awe ndiye mpigaji.

Kipimo cha sauti kinachotumiwa sana kwa podikasti za stereo ni karibu -16 LUFS (LUFS ni kizio cha kupimia ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia), lakini namba hiyo haitakuambia kama mnong'ono wa muuaji unasikika. Cheza kipande chako kwa spika ya simu, sauti ikiwa chini, mbele ya mtu ambaye hajausoma muswada. Muulize chumbani wamo watu wangapi na nani amesimama karibu na mlango. Akikosea, usikimbilie vitufe vya kuchanganyia sauti. Rudi kwenye muswada, umpe yule wa mlangoni kitu cha kushika, funguo au kiberiti, kisha urekodi tena.