Seli ni ya kuazima: rangi na nafasi kwenye orodha za programu za simu

Ukiwa mgeni kwenye kazi ya kuunda programu za simu, haitapita muda utapewa jambo linaloonekana la kitoto: "Zitenganishe hizi seli kidogo, halafu zile ambazo hazijasomwa zipe rangi." Seli ni kile kisanduku kinachobeba mstari mmoja wa orodha. Utajiambia ni kazi ya nusu saa. Mimi nilijiambia hivyohivyo, na nikaikabidhi siku ya nne, macho mekundu kuliko hizo seli zenyewe. Nayaandika haya ili wewe uimalize siku hiyohiyo.

Kitu cha kwanza kukaa nacho kichwani: seli si yako, umeazimwa. Orodha yenye jumbe 1,000 haina seli 1,000. Kama skrini inabeba kumi, mfumo unatengeneza kumi na chache za ziada, basi. Mtu anaposogeza orodha kwenda juu, seli inayotoweka juu inaokotwa, inapewa data nyingine, na kuingizwa tena kutokea chini. UITableView ya iPhone imefanya hivyo tangu 2008, na RecyclerView ya Android, iliyokuja 2014, imebeba habari hiyo hadi kwenye jina lake. Kwa hiyo seli unayokabidhiwa imekuja na jasho la aliyeivaa kabla yako: rangi yake, pembe zake, hata alama ya vema iliyosahaulika. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Seli ya kuazima nayo itakuanika mbele ya mteja.

Mimi ilinianika hivi. Tulikuwa na orodha ya kazi, na zilizochelewa zilitakiwa ziwe nyekundu. Niliandika:

if kazi.imechelewa {
    seli.backgroundColor = .systemRed
}

Nikajaribu na kazi saba, zote zikaenea kwenye skrini, nyekundu zikakaa mahali pake, nikakabidhi. Mtumiaji mwenye kazi mia mbili akafungua, akasogeza, na kadiri alivyosogeza ndivyo wekundu ulivyozidi kuenea kama upele. Akirudi juu, hata kazi ya leo asubuhi ilikuwa imechelewa. Nilipoteza siku mbili nikichunguza tarehe kwenye data, nikashuku saa za kanda, nikashuku seva. Data ilikuwa safi. Kosa lilikuwa kwenye mstari ambao sikuuandika: hakuna mahali nilipoiambia seli ya kazi isiyochelewa kwamba irudi kuwa nyeupe. Dawa yake ni mstari mmoja:

seli.backgroundColor = kazi.imechelewa ? .systemRed : .systemBackground

Yaani kila unachokiweka kwa masharti, kiwekee na upande wa pili wa masharti. Ukishika zoea hilo, nusu ya vituko vya orodha hutavijua kabisa. Watakwambia pia usafishe kila kitu ndani ya prepareForReuse, msimbo ambao mfumo unauita kabla seli haijatumiwa tena. Mimi siipendi sana njia hiyo kwa rangi zinazotokana na data. Nyaraka za Apple zenyewe zinasema mahali pale ni pa kurudisha mambo yasiyohusu maudhui, kama uwazi au hali ya kuhaririwa. Maudhui yaandikwe upya pale unapoijaza seli. Kwenye Android mahali hapo ni onBindViewHolder, na kanuni haibadiliki.

Sasa rangi inapogoma kutokea kabisa. Hapa wageni wengi huanza kubahatisha, wanabandika rangi ileile sehemu tano wakitumaini mojawapo itashika. Usibahatishe. Paka kila tabaka rangi ya kelele: orodha yenyewe njano, seli bluu, contentView (sehemu ya seli inayobeba maudhui) waridi, na kisanduku chako cha ndani kijani. Endesha programu, tazama. Ukiona waridi tu, basi contentView imekaa juu na kuifunika bluu, na rangi uliyokuwa unaipigania ilikuwepo muda wote, chini ya blanketi. Kwenye UITableView mpangilio ni huu: nyuma kabisa kuna backgroundView, juu yake selectedBackgroundView inayojitokeza seli ikichaguliwa, na mbele ya zote contentView yenye maandishi yako. Ndiyo maana ukiipa contentView rangi nzito, rangi ya kuchagua haionekani tena, na mtu anagusa mstari bila kupata jibu lolote.

Tangu iOS 14 kuna njia safi zaidi, UIBackgroundConfiguration, ambamo rangi, pembe za mviringo na hata nafasi ya kuzunguka usuli vinakaa kwenye kitu kimoja. Tahadhari moja tu: haikai chungu kimoja na njia ya zamani. Ukiweka usanidi huo kisha mahali pengine ukaweka backgroundColor, cha pili kinakifuta cha kwanza. Nimewahi kukuta faili ambamo wenzangu wawili walikuwa wakifutiana rangi hivyo bila kujua, kila mmoja akimlaumu mwenzake.

Tuje kwenye nafasi, maana huku ndiko kwenye mjadala hasa. UITableView haina mahali pa kuandika "weka pointi 8 kati ya seli na seli". Utatafuta, hutapata. Seli zinabanana ukuta kwa ukuta, na hiyo ni kwa makusudi. Kwa hiyo nafasi unayoiona kwenye programu nyingi ni kiini macho: seli imegusana na mwenzake, ila rangi yake haionekani, na ndani yake kuna kisanduku chenye rangi kilichosogezwa mbali na kingo. Kwangu hii ndiyo njia ya kwanza. Seli na contentView zipe rangi ya wazi, kisanduku kifunge juu na chini kwa pointi 4, na kati ya visanduku viwili utapata 8. Urefu wa seli unajihesabu wenyewe kwa sababu nafasi imo ndani ya vipimo unavyovijua.

Utakutana na ushauri mwingine unaosambaa sana: ndani ya layoutSubviews, pale vilivyomo ndani ya seli vinapopangwa, ikate contentView kwa pembeni. Mistari miwili tu, inavutia. Lakini seli inapojipima urefu wake kutokana na maandishi, hesabu inafanyika kabla ya kukatwa. Seli inaomba urefu wa maandishi matupu, kisha wewe unaipunguzia pointi 8, na mstari wa mwisho wa maandishi unabanwa au unakatika. Kwenye seli zenye urefu uliopangwa utanusurika. Kwenye zinazojipima, achana nayo.

Njia ya tatu ni kuifanya kila seli iwe seksheni (kundi la mistari lenye kichwa na kijachini chake) peke yake, na nafasi itokane na urefu wa kijachini cha seksheni. Inafanya kazi vizuri, na nimeitumia. Ila jiandae: nambari ya mstari sasa ni sifuri daima, na nambari unayoihitaji imehamia kwenye seksheni. Mimi nilibadilisha kila mahali isipokuwa pale mtu anapogusa mstari. Kwa hiyo ujumbe wowote uliouchagua ulifungua ujumbe wa kwanza. Nilijaribu mara kadhaa kabla ya kukabidhi na sikuona kitu, kwa kuwa kila nilipojaribu niligusa ule wa juu kabisa, uliokuwa karibu na kidole. Kingine: ukirudisha sifuri kama urefu wa kichwa cha seksheni kwenye orodha ya mtindo wa makundi, mfumo unaelewa kwamba hukusema kitu na unaweka urefu wake wa kawaida. Rudisha CGFloat.leastNormalMagnitude, namba ndogo mno isiyo sifuri. Na kama programu yako ilikuwa sawa kisha ikaota pengo juu ya kila seksheni ilipofika iOS 15, mtuhumiwa ni sectionHeaderTopPadding. Iwekee sifuri.

Upande wa Android kuna ukarimu zaidi, na ukarimu huo una mtego. Mgeni anaipa kila seli nafasi ya dp 8 (dp ni kipimo cha Android) juu na dp 8 chini. Kati ya seli mbili zinajumlika kuwa 16, juu ya seli ya kwanza ni 8, na mbuni anakuja na rula yake kuuliza mbona hazilingani. Mpe kila mmoja nafasi ya chini pekee, na ile ya juu kabisa iwe padding (nafasi ya ndani) ya orodha yenyewe, pamoja na clipToPadding kuwa false ili seli zipite juu ya nafasi hiyo badala ya kukatwa kabla ya kufika ukingoni. ItemDecoration, msimbo wa kuongeza nafasi kuzunguka seli za RecyclerView, nayo ni nzuri, ila ukiandika "wote wapate nafasi ya juu isipokuwa wa kwanza", kumbuka siku kitakapoingizwa kitu kipya kileleni. Aliyekuwa wa kwanza anashuka kuwa wa pili na vipimo vyake vya zamani, amegandana na mgeni, mpaka uite invalidateItemDecorations.

Ukianzia Jetpack Compose, njia mpya ya kuunda skrini za Android, Arrangement.spacedBy inamaliza maneno. Kwenye SwiftUI, mwenzake wa upande wa iPhone, kuna listRowBackground kwa rangi, na listRowSpacing kwa nafasi kuanzia iOS 15. Bado nakushauri ujue ya zamani, maana programu utakayorithi kazini huenda iliandikwa kabla ya haya.

Rangi za kupokezana, mstari mweupe mstari wa kijivu, nazionea wasiwasi. Karibu kila mtu anaziandika kwa kugawa nafasi ya seli kwa mbili, na zinapendeza hadi mtumiaji anapofuta mstari wa tatu. Mistari iliyo chini inapanda hatua moja lakini haijazwi upya, hivyo wa pili na wa nne wa zamani, wote wa kijivu, sasa wamekaa bega kwa bega. Ukilazimika kuzitumia, baada ya kufuta au kuongeza ijulishe mistari yote iliyo chini ya hapo ijazwe upya: notifyItemRangeChanged kwa Android, reconfigureRows kwa iOS 15 na kuendelea. Ukiwa na sauti kwenye kikao, omba mstari mwembamba wa kutenganisha badala yake.

Kuna na suala la mguso. Kwenye Android, wimbi linalotanda mtu anapogusa kwa kawaida limewekwa kama usuli wa seli. Ukibandika rangi yako kwenye usuli huohuo, wimbi limekufa, na watumiaji wanaanza kugusa mara mbilimbili wakidhani simu imekwama. Weka rangi kwenye usuli na wimbi kwenye foreground (tabaka la mbele), sehemu ambayo kila View inayo tangu Android 6.0.

Hali ya giza usiisubiri hadi mwisho. Tumia rangi za mfumo zinazojigeuza zenyewe, na ujue kwamba rangi uliyoipa layer (tabaka la kuchorea la iPhone), kama ya mpaka wa kisanduku, ni CGColor na haijigeuzi. Itabaki ya mchana usiku kucha mpaka uiweke upya. Maandishi ya kawaida juu ya rangi yako yafikie utofauti wa 4.5 kwa 1, kama miongozo ya WCAG, ile ya kuwawezesha watu wote kusoma skrini, inavyotaka. Wekundu pekee usibebe ujumbe, weka na neno "imechelewa", kwa kuwa wapo wasioutofautisha na kijani.

Siku hizi kabla sijakabidhi orodha yoyote, naijaza mistari mia tatu ya uongo, naisukuma kwa nguvu hadi chini na kurudi, nakuza maandishi hadi ukubwa wa mwisho, nawasha giza, nafuta mstari wa tatu, kisha nagusa mstari wa katikati, si wa juu. Rangi yoyote ikikaa mahali pasipo pake, naenda moja kwa moja kwenye msimbo unaoijaza seli, na kutafuta if isiyo na mwenzake.