Swali la lugha: Punje ya mchanga ni jiwe, ni mwamba au ni madini?

SWALI: Nasoma jiolojia mwaka wa pili na nimetakiwa kuandika muhtasari wa Kiswahili wa kazi yangu ya maabara. Nimeandika hivi: "Nimeuangalia mwamba tabaka chini ya hadubini na kuona madini moja ya kwatzi na madini mbili za feldispa." Mwenzangu anasema sentensi yote ina kasoro, na kwamba mchanga hauna madini kwa sababu si dhahabu wala almasi. Nani yuko sahihi? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Kwenye sarufi mwenzako ana hoja. Kwenye mchanga amepotoka.

Tuanze na madini. Neno hili tumelitoa kwenye Kiarabu, na huko ni umoja. Lilipofika kwetu, silabi yake ya kwanza ilifanana na kiambishi cha wingi, tukaliweka pamoja na maji, mafuta na maziwa. Ndiyo maana tunasema madini haya, madini yetu, madini yamepatikana. "Madini hii" na "madini zetu" utazisikia sana mitaani na hata redioni, lakini katika maandishi ya taaluma ziache. Umoja wake haupo. Ukiondoa ma- unabaki na dini, neno lenye mambo mengine kabisa. Ukitaka kutaja moja, sema aina moja ya madini. Ukitaka kuhesabu ulichokiona kwenye lenzi, hesabu punje. Hapo ndipo sentensi yako ilipokwama: feldispa ni jina la kundi zima la madini, na ulichokiona wewe ni punje mbili za kundi hilo.

Sasa mchanga. Katika jiolojia, madini ni kitu kigumu kilichotokea chenyewe ardhini, chenye kemikali zake maalumu na atomi zilizopangika kwa utaratibu wake. Bei haimo katika maana hiyo. Kwatzi iliyomo katika punje za mchanga wa ufukweni ni madini sawasawa na almasi ya mgodi wa Mwadui. Naelewa mwenzako alipotoa wazo lake, maana masikioni mwetu madini ni kile kinachochimbwa kikauzwa. Serikali nayo ina maana yake: inaposema "madini ujenzi" inakusudia mchanga, kokoto na mawe, yaani vitu vinavyochimbwa kwa leseni. Matumizi hayo si makosa, ila ni ya ofisi ya leseni. Maabarani, kokoto ya granaiti ni kipande cha mwamba, na ndani yake mna kwatzi, feldispa na mara nyingi ulanga. (Tafadhali andika ulanga. Ni neno letu la zamani kwa yale madini yanayobanduka kama karatasi zinazong'aa, na sioni sababu ya kuliacha tukakimbilia "maika".)

Mwamba ni ule uliolala ardhini. Ukivunja kipande ukakishika mkononi, hilo ni jiwe. Katika ripoti "sampuli ya mwamba" inatosha.

"Chini ya hadubini" ni Kiingereza kilichovaa maneno ya Kiswahili. Sisi huona kwa macho, husikia kwa masikio, na hutazama kwa hadubini. Kilichokaa chini ya lenzi ni ule ubale mwembamba wa mwamba uliobandikwa kwenye kioo na kusagwa hadi ukabaki na unene wa milimita 0.03, mwanga ukaweza kupenya. Wengine huandika darubini hapa; hiyo ni ya kutazamia vya mbali. Kazi hii ya mbale ina mizizi katika aina hiyohiyo ya miamba unayoisoma: Henry Clifton Sorby wa Sheffield, Uingereza, alichapisha mwaka 1851 maelezo ya miamba ya pwani ya Yorkshire aliyoichunguza kwa hadubini.

Mwamba tabaka au mwamba mashapo? Vitabu vya shule vinatumia yote mawili. Mimi nasimama na mashapo, na nina sababu. Mashapo ni yale yanayotuama chini ya kimiminika, na ndivyo miamba hii ilivyoanza: mchanga, tope na magamba ya viumbe vilituama, vikashindiliwa, vikagandishwa. Tabaka ni umbo tu, na umbo hilo lava iliyomwagika mara kwa mara inalo pia. Zaidi ya hapo, ubale wako una upana wa sentimita chache. Huenda usione tabaka hata moja, lakini punje zilizotuama utaziona, na kinachozigandisha utakiona.

Hukuuliza kuhusu vitenzi, lakini ndivyo vitakavyoipa ripoti yako uhai. Vichujio viwili vya mwanga vya hadubini, kimoja chini ya ubale na kimoja juu yake, vikikingamana, zungusha meza ya hadubini: punje ya kwatzi inawaka kijivu au nyeupe, kisha inazima, na kila nyuzi 90 inazima tena. Kuzima ndicho kitenzi chake, usihangaike kutafuta kingine. Plajioklezi, ambayo ni mojawapo ya feldispa, mara nyingi ina milia myeusi na myeupe iliyonyooka. Kalsaiti, yale madini ya jiwe la chokaa, ukiizungusha bila kukingamanisha vichujio, kingo zake hukolea na kufifia. Na jiwe lake ukilidondoshea asidi hafifu ya haidrokloriki, linatoa povu papo hapo.

Sentensi yako basi iwe: "Nimeutazama ubale wa mwamba mashapo kwa hadubini, nikaona punje moja ya kwatzi na punje mbili za feldispa." Kama ulizitambua hizo mbili kuwa ni plajioklezi, taja jina hilo na ueleze milia uliyoiona.

Ikitokea sampuli ijayo ni jiwe la matumbawe, lile lililojengewa Ngome ya Yesu kule Mombasa na Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, liite jiwe la chokaa, si chokaa. Chokaa hupatikana baada ya jiwe hilo kuchomwa tanuruni, na kufikia hapo kalsaiti yake imeshageuka kuwa kitu kingine.