Hii si rede, wadogo zangu

Jumamosi kwenye besiboli yetu nimemwona tena dogo anayelinda kituo cha pili, yaani besi ya pili, akimtandika mkimbiaji mpira wa kiuno, kisha akanyoosha mikono juu kusubiri kushangiliwa. Nikacheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikanyamaza, maana nilijiona mwenyewe.

1. Ukishapiga, gongo liache chini. Unakimbia nalo wapi, kuna nyoka besi ya kwanza?

2. Mpira wa chini, glavu iguse majani. Maji ya kunywa kila mtu aje na yake.

3. Mkimbiaji halengwi. Hapa mnivumilie. Nilikuwa shotistopu, yaani mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu, iningi (raundi) ya mwisho, tunaongoza 4-3, auti mbili, yaani tumeshawatoa wawili bado mmoja, wakimbiaji wao wako besi ya kwanza na ya pili. Mpira ukaja chinichini, mlaini, hata bibi yangu angeudaka. Mwenzetu wa besi ya kwanza keshafungua glavu, ananiita. Yule mkimbiaji wao wa besi ya pili naye anapita mbele ya pua yangu. Ningenyoosha mkono nimguse na mpira tu, kwisha. Lakini mimi nimelelewa na dada wanne, na kwenye rede yao hakuna kumgusa mtu, unampiga. Nikampiga. Katikati ya mgongo, paa! Nikaruka: "Katoka!" Mkimbiaji akaendelea na safari yake, mpira ukadundia mgongoni kwake ukaenda mpaka ukutani, wakaingia hom, kituo cha kufungia pointi, wote wawili. 5-4. Na bado nikamfuata refa kudai auti yangu! Kecha wetu, mdakaji wa nyuma ya mpigaji, hadi leo ananiita Rede, hata mbele ya wakwe zangu.

Kocha wetu Mjapani hakunifokea. Alinieleza kwamba zamani huko Marekani kumlenga mkimbiaji kulikuwa ruksa, mpaka kanuni za klabu ya Knickerbocker ya New York zilipokataza mwaka 1845. Kumbe sikukosea, nilichelewa tu.

4. Mkifungwa, lieni, si aibu. Wanafunzi wa Japani wakitolewa pale Koshien, uwanja wa mashindano ya besiboli ya sekondari, huchota udongo wa uwanja wakaenda nao kwao, machozi yakiwatoka. Siku ile na mimi nilijaza wangu kwenye soksi, nyumbani nikauhamishia kwenye kopo. Mama akadhani nimemletea udongo wa kuoteshea, akapanda mchaichai. Umeshika vizuri mno. Kila nikiletewa chai namwona yule jamaa anaingia hom.